Je, Damu Ndiyo Mwenye Amri?



Huku kwetu Mbagala twasikia neno hili mara nyingi: mwanamume akimwacha mkewe na mtoto mchanga, naye akiulizwa sababu, hujibu, "Ndivyo nilivyoumbwa." Je, ni kweli? Likiwa kweli, hapana wa kulaumiwa. Likiwa uongo, watoto wanaumizwa bure.

Mwili hutengeneza vitu viitwavyo homoni, navyo hupita katika damu. Korodani za mwanamume hutoa testosteroni. Ovari za mwanamke hutoa estrojeni. Kwa hizo mvulana hubalehe, sauti ikawa nzito. Kwa hizo msichana huota matiti na kuvunja ungo. Tena homoni huamsha tamaa. Basi tusikane: nguvu hizo zipo, wala kijana hakuzichagua.

Lakini habari haiishii hapo. Mwaka 2009 wataalamu walieleza habari za makabila mawili ya nchi yetu, wakaao upande wa Ziwa Eyasi. Wahadzabe ni wawindaji, na akina baba hubeba watoto na kucheza nao. Wadatoga ni wafugaji. Baba hulinda ng'ombe wawalishao watoto, bali kuwabeba ni kazi ya mama. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walionekana kuwa na testosteroni pungufu kuliko wasio nao. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana.

Labda mtu atasema, "Wenye homoni chache ndio wapendao kuoa." Sivyo ilivyoonekana huko Cebu, Ufilipino, katika habari iliyotolewa mwaka 2011. Vijana 624 walipimwa mwaka 2005, wakapimwa tena mwaka 2009. Wenye testosteroni nyingi hapo kwanza ndio walioelekea zaidi kupata mke na mtoto. Nao walipokuwa baba, ikashuka sana. Na waliolea watoto saa 3 au zaidi kila siku walikuwa nayo pungufu kuliko baba wasiolea.

Basi mwili humsukuma mtu, lakini maisha ayaishiyo mtu nayo huugusa mwili. Asemaye, "Ndivyo nilivyoumbwa," amesema nusu tu, maana mwili ule ule umeumbwa uweze kutulia na kulea.

Enyi akina baba, msingoje mwili uwape ruhusa. Mtoto aliapo usiku, mpokeeni mikononi mwa mama yake. Hilo hakuna homoni iwezayo kuwakataza.