Yai la Kwanza, na Aliyelikataza



Jioni moja baada ya swala ya Isha tulikuwa tumepanga foleni ya rolex nje ya geti la chuo. Kwa ndugu wasomaji walio nje ya Uganda: hii si saa ya mkononi, ni chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga, na ndiyo inayomfikisha mwanafunzi mwisho wa muhula. Mwenzetu mmoja akauliza kwa mzaha, hivi mtu wa kwanza kula yai alifikiria nini? Anaona kitu kimemtoka ndege nyuma, ndani kina ute, naye anasema hiki ni chakula! Tulicheka. Lakini mimi nililala na swali lile.

Huyo mtu wa kwanza hatutampata, maana mayai yameliwa kabla kuku hajafugwa. Kuku wetu ametokana na kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Lakini huku Afrika, mahali paitwapo Diepkloof, Afrika Kusini, wataalamu wamechimbua vipande vya maganda ya mayai ya mbuni vilivyochorwa mistari na watu walioishi miaka 60,000 hivi iliyopita. Maganda hayo walitilia maji. Yai moja la mbuni ni sawa na mayai 24 hivi ya kuku, na sidhani mtu mwenye njaa alilitoboa apate chombo cha maji kisha akamwaga kilichomo. Nyani na nyoka nao huiba mayai viotani. Huenda binadamu alijifunza kwa kuwatazama. Sisi hilo halitushangazi. Katika Surat Al-Maida, aya ya 31, mtoto wa Adam anafundishwa kuzika na kunguru.

Kwa hiyo kuanza kula si jambo gumu, njaa inatosha. Linalonisumbua ni mtu wa kwanza kusema: wewe kula, yule asile.

Katika mila ya Buganda, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Siku hizi mjini wengi wamesahau, lakini nyumbani kwetu kijijini ilikuwepo nikiwa mdogo. Mimi na dada yangu tumepishana mwaka mmoja, na tulifanya mtihani wa darasa la saba pamoja. Wiki ya mtihani nilipewa yai la kuchemsha kila asubuhi, "upate akili". Kuku alikuwa akilishwa na dada. Yai alilichemsha dada. Alipouliza lake liko wapi, bibi alimjibu kwa neno moja: haramu.

Bibi yangu hakosi swala, na mimi Al-Fatiha nimefundishwa naye. Ndiyo maana neno lile lilinikaa.

Mwaka jana tulifika kwenye Surat Al-An'am darasani, aya ya 139. Allah (S.W.) anawataja washirikina waliosema kwamba kilichomo matumboni mwa wanyama fulani ni cha wanaume wao peke yao, na wake zao wamekatazwa, kikitoka kimekufa, ndipo wanashirikiana wote. Anaahidi kuwalipa kwa maneno yao hayo. Mwalimu aliendelea na aya inayofuata. Mimi nilibaki pale pale, naona sahani ya nyumbani.

Kanuni tunaijua: asili ya vitu ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Wala simlaumu asiyependa yai. Mtume (S.A.W.) aliletewa mjusi wa jangwani wa kuchoma, akaondoa mkono wake. Khalid bin Walid alipomuuliza kama ni haramu, alisema hapana, ila hayupo katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimtaki. Khalid akala na Mtume akitazama. Kutopenda kwake hakukufungia mkono wa mwingine. Bibi naye angesema "kwetu wanawake hatuli", ningemwelewa. Alisema haramu, neno ambalo si mali yake, si yangu, wala si la mwanachuoni yeyote bila dalili.

Kama kuna mwenye haki ya kulalamikia yai, basi ni ndege mwenyewe. Imepokewa katika Al-Adab Al-Mufrad kwamba mtu mmoja safarini alichukua mayai ya ndege mdogo, ndege akaja akipapatika juu ya kichwa cha Mtume (S.A.W.), naye akauliza ni nani aliyemtia uchungu, akaamuru mayai yarudishwe kwa kumhurumia. Malalamiko ya ndege yalisikilizwa. Ya dada yangu mimi sikuyasikia. Nilikuwa na yai mdomoni. Nilikuwa na miaka 13, najua, lakini hata nilipokuwa na 18 sikuwahi kuuliza.

Likizo iliyopita nilikaanga mayai sita, nikayaweka katikati ya mkeka. Bibi alisema harufu inamchefua. Nikamuuliza taratibu, "Bibi, ni haramu au huyapendi tu?" Akanitazama kwa muda, kisha akasema nisimletee maswali ya chuo jikoni kwake. Dada alikuwa ameshamaliza la pili. Akaniomba chumvi.