Usafi wa Paka ni Deni la Nani?

Husemwa ya kuwa paka hujisafisha mwenyewe, basi mwenye nyumba hana deni kwake. Nami niliamini hivyo miaka mingi. Hata paka wetu mzee alipojaa viroboto, nikampaka mafuta ya taa, nikajiona nimetenda wema. Akajilamba kama ilivyo desturi yake. Kufika jioni alikuwa akitokwa na udenda, akikataa chakula. Mke wangu akamwosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, naye akapona kwa shida.

Je, nilikosa, ingawa nia yangu ilikuwa njema? Naona nilikosa, maana sikumfikiri yeye, nalifikiri mkeka wangu. Kila tumpakalo paka mwilini twamlisha, kwa kuwa ulimi ndio kitambaa chake; hata dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini yaweza kumwua. Tena akizeeka hafikii mgongo wake, nywele zikashikamana. Hapo ndipo lilipo deni letu: kumchana kwa chanuo la meno yaliyosongamana, na kulichovya katika maji ya sabuni ili viroboto wafe humo, na kufua matandiko yake, maana mayai yao huanguka humo. (Kazi hii yachosha, nakiri.)

Sasa namchana kila Jumamosi, naye hutulia. Lakini akiniona na chupa mkononi, hukimbia.