Haya ya Mpasuaji

Buseresere ni mji wa barabarani. Umo katika wilaya ya Chato, mkoa wa Geita, ubavuni mwa Katoro, na wengi wa wakaao humo wameletwa na dhahabu au na biashara iifuatayo dhahabu popote iendapo. Katika nchi ile watu hushuka kwenye maduara yaliyochimbwa kwa mkono na kushikiliwa kwa matimba, na mwamba ukiwa mgumu hupasuliwa kwa baruti. Ndipo hutokea yatokeayo: kifusi huporomoka, au baruti huwahi kabla ya wakati wake.

Na achukuliwe mchimbaji mmoja wa kufikirika, mtu mzima, mguu wake umesagwa chini ya goti. Mahali pa kwanza alipopelekwa, aliyempokea aliufunga mguu kwa nguvu ili damu isimame, kisha fundo likasahauliwa kwa saa nyingi. Anapofika kwenye hospitali kubwa mguu umekwisha kufa. Mpwa wake amebeba barua ya rufaa, na habari ya fundo lile imeandikwa humo, kwa Kiingereza. Tabibu anaisoma, anaandika yake kwenye jalada, kwa Kiingereza pia, kwani ndiyo lugha aliyofundishiwa chuoni. Halafu huletwa karatasi ya ridhaa, na mgonjwa hutakiwa kutia dole gumba. Kwa hiyo mtu huyu amesafiri njia nzima na hadithi ya mguu wake mikononi mwa jamaa yake, na hakuna kati yao aliyeijua.

Yule anayekatwa kiungo anadaiwa maneno gani na wale wenye kisu? Na je, deni hilo ni la kuelezwa kitakachotendwa tu, au pia la kuelezwa kilichokosewa?

Swali hili lilikwisha kuzuka Ufaransa karne ya kumi na sita, na lilizushwa na mtu aliyetoka kwa vinyozi. Msomaji wa pwani hatastaajabu. Huku nako wembe, chuku na tohara vilikuwa kazi ya watu wa mikono, si ya wanavyuoni. Ambroise Paré alizaliwa karibu na mwaka 1510. Katika zama zake tabibu msomi alisoma Kilatini na kuamuru dawa, bali damu hakuigusa. Kisu kiliachiwa kinyozi. Kilatini Paré hakukijua. Katika vita vya Piedmont vya miaka ya 1536 na 1537 alifika na kanuni iliyokuwa imeandikwa na Giovanni da Vigo, mpasuaji wa Papa: kwamba jeraha la bunduki lina sumu ya baruti, na sumu hiyo haina budi kuunguzwa kwa mafuta yanayochemka. Paré alitenda kama alivyoona wenzake wakitenda. Siku moja mafuta yakamwishia. Waliobaki akawapaka mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, na usiku ule usingizi haukumjia, kwa hofu kwamba asubuhi atawakuta wamekufa kwa sumu. Alipoamka mapema kuwatazama, aliwakuta wana maumivu machache na majeraha yasiyovimba. Waliomiminiwa mafuta ndio waliokuwa na homa, uvimbe na maumivu makali.

Mwaka 1545 akayaandika hayo katika kitabu, na akakiandika kwa Kifaransa. Wanahistoria humsifu kwa kuyaacha mafuta. Sifa hiyo ni haki yake, lakini jambo zito zaidi limo katika lugha. Kosa likikiriwa kwa Kilatini hukiriwa ndani ya chama: wenzi huambiana, hutikisa vichwa, hubadili kanuni, na aliyeunguzwa hujiendea na kovu lake akidhani kwamba moto ule ulimwokoa. Likikiriwa kwa Kifaransa, askari mwenye kovu angeweza kusomewa na kinyozi wa mtaani kwake, akajua kwamba aliteswa bure. Hapo maarifa huwa yamegeuka kuwa jambo jingine: ushahidi ambao mwenye kuutoa anajiweka mwenyewe mbele ya aliyemuumiza.

Tena hakuishia hapo. Katika mazingiwa ya Damvillers mwaka 1552 alikata mguu, na badala ya kuzuia damu kwa chuma cha moto, alifunga mishipa kwa uzi. Alipokuja kuieleza njia hiyo katika kitabu cha mwaka 1564, alitamka wazi kwamba zamani alifanya vingine, na kwamba jambo hilo humtia haya na uchungu. Mfasiri wa Kiswahili akifika hapa atasimama, kwa sababu lugha inampa maneno mawili. Aibu humwangukia mtu kutoka kwa watu. Haya hutoka ndani yake mwenyewe, hata akiwa peke yake. Aliyefumaniwa ana aibu. Paré hakufumaniwa na mtu. Chuma cha moto kilikuwa ndiyo desturi, na hakuna aliyemlaumu. Neno lake ni haya.

Wakubwa wa Kitivo cha Tiba cha Paris hawakufurahi. Mwaka 1575, kazi zake zilipokusanywa katika juzuu moja kubwa, walijaribu kuizuia isiuzwe. Miaka mitano baadaye Étienne Gourmelen, aliyekuwa mkuu wa kitivo hicho, akaishambulia njia ya uzi kwa Kilatini, na Paré akamjibu kwa Kifaransa mwaka 1585. Ni rahisi kuwacheka wazee hao, na si haki. Ndani ya kiburi chao mlikuwa na hoja: kisu kikiandikiwa kitabu katika lugha ya sokoni, kila mwenye macho atajiona mpasuaji. Hata leo mtu aliyesoma kurasa tatu akafungua chumba nyuma ya duka la dawa ni balaa kwa majirani, na machimboni, ambako hospitali huwa mbali na pesa huja kwa ghafla, balaa hilo hupata wateja.

Lakini mafuta yale ya moto hayakutoka sokoni. Yalitoka katika kitabu cha Kilatini, na waliyamimina watu watiifu. Na Tanzania yenyewe imekwisha kujionea jambo hili kwa sura nyingine. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya ilifanywa na madaktari wasaidizi, watu wasio na shahada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma haukukuta tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya wenye shahada. Kinachomlinda mgonjwa ni mafunzo na usimamizi. Lugha ya siri humlinda zaidi mkosaji.

Safari ya vitabu hivi kuingia Kiingereza ina mambo yake. Jacques Guillemeau, mwanafunzi wa Paré, alitoa kitabu chake cha upasuaji kwa Kifaransa mwaka 1594. Kiingereza chake kilichapwa Dort, Uholanzi, mwaka 1597, na ukurasa wa jina unakiri kwamba kimefasiriwa kutoka Kiholanzi. Kazi za Paré nazo, baada ya Guillemeau kuzitia katika Kilatini mwaka 1582 ili wasomi wakubali kuzigusa, zilifasiriwa na Thomas Johnson, London, 1634, kutoka Kilatini hicho, kisha zikalinganishwa na Kifaransa. Yaani maneno ya kinyozi yalivishwa joho, yakavuka bahari yamevaa joho, ndipo yakavuliwa. Johnson alikuwa muuza dawa na mjuzi wa mimea. Mwaka 1644, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, alipigwa risasi begani huko Basing House, akashikwa na homa, akafa. Mfasiri wa kitabu cha majeraha ya bunduki.

Katika mapito yote hayo, kutoka Kifaransa hadi Kilatini hadi Kiingereza, yale maneno ya haya hayakudondoka. Yangeweza kudondoka kwa urahisi kuliko yoyote. Katika kitabu cha ufundi, kukiri kosa hakuongezi hata hatua moja ya kazi: mwanafunzi atafunga mshipa vilevile, awe ameambiwa au hakuambiwa kwamba mwalimu aliwahi kuunguza watu. Mfasiri mwenye haraka huliruka. Johnson hakuliruka, na kwa hilo pekee anastahili heshima.

Kiswahili nacho kina kitabu chake cha namna hii, Mahali Pasipo na Daktari. Asili yake ni Kihispania, kilichoandikwa na David Werner kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya Mexico, kikaingia Kiingereza mwaka 1977, ndipo kikafika huku. Humo wanakijiji huambiwa bila kuficha kwamba sindano nyingi wanazodungwa hazina haja na nyingine zina madhara. Kwa hiyo lugha haikosi nguvu. Istilahi nazo zipo, TUKI ilitoa Kamusi ya Tiba, na watu wenyewe wana hogo na nusukaputi. Kweli mna matope machache: mshipa huweza kuwa wa damu, wa fahamu, wa msuli, na wazee wengine huuita hata ule wa ngiri, mtu akiambiwa mshipa wake utafungwa ana haki ya kuuliza ni upi. Lakini hayo hurekebishwa kwa sentensi moja zaidi. Mahakama za Tanzania, zilizosemekana haziwezi kuhukumu ila kwa Kiingereza, ziliwekewa sheria mwaka 2021 ya kuhukumu kwa Kiswahili. Jalada la mgonjwa lingali likisubiri.

Na hata likifasiriwa, Buseresere kuna swali jingine, ambalo visiwani huenda likasahaulika. Kule Kiswahili ni lugha ya soko na shule. Nyumbani ni Kisukuma, Kizinza, Kisubi, Kiha, Kihaya. Kwa mzee wa Kisukuma anayesikia Kiswahili nusu, mfasiri wa mwisho si kamusi wala serikali. Ni yule mpwa aliyebeba barua, amesimama kando ya kitanda, suruali bado ina udongo wa duara.

Na aseme tabibu wa mfano huu kwa Kiswahili safi: mguu hauna budi kukatwa, na kwamba huko nyuma ulifungwa mno, fundo likaachwa, na pengine ungepona. Ametimiza deni lake, tena kwa namna ambayo wengi hawaitimizi. Mpwa anasikia yote. Anamtazama mjomba wake, anautazama mguu, anapima ni faida gani itapatikana sasa kwa kumwongezea mgonjwa uchungu juu ya uchungu. Kisha anamwambia kwa Kisukuma kwamba mguu utakatwa.

"Amesema hayo tu?" anauliza mzee, kwa kuwa aliyasikia maneno kuwa mengi.

"Hayo tu, mjomba."

Mzee anamtazama tabibu usoni kwa kitambo, halafu anatoa dole.