Nasaha kwa Mzazi Aliyechoka, Kwaresima ya Garissa

Mzazi mwenzangu, Kwaresima hapa Garissa hutukuta kwenye joto kali la mwaka, kabla ya mvua za masika. Usiku kuta bado zina moto, watoto wanagaragara, na alfajiri unatakiwa kazini. Hapo ndipo tunapakwa majivu na kukumbushwa sala, kufunga na sadaka. Najua moyo wako unauliza nini saa hiyo: hizo nguvu nitazitoa wapi?

Anza na Eliya. Alichoka hadi akaomba kufa chini ya mretemu jangwani, na malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale. Palikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu. Basi nawe lala. Ukiiweka simu mbali ukalala saa moja mapema, umefunga, tena mfungo mgumu kuliko kuacha sukari.

Usijitwike lisilokupasa. Sheria ya Kanisa Katoliki inawataka wafunge walio na umri wa miaka 18 hadi 59, na siku zenyewe za lazima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawabanwi. Tena siku 40 huhesabiwa bila zile Jumapili sita. Jumapili usiifanye siku ya kufua nguo zote za wiki. Keti na wanao.

Nakwambia haya kwa sababu niliwahi kukosea. Mwaka mmoja nilijitia kushinda na njaa kila siku hadi jioni. Ijumaa moja, tumetoka Njia ya Msalaba, binti yangu akamwaga kikombe cha maji mkekani. Nilimfokea hadi akajibanza nyuma ya mlango. Baadaye alikuja polepole, akanisogezea sahani yangu iliyokuwa imefunikwa, akasema, "Mama, kula tu." Nilimwomba radhi usiku ule ule, na sikuona aibu. Nawe ukimkosea mtoto, mwombe radhi kabla hajalala. Usimwachie kinyongo cha mfungo wako.

Tunaishi pia na majirani wanaofunga. Mwaka 2025, Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi, iliwakuta wamekwisha kuingia Ramadhani. Siku kama hizo usimtoe mtoto nje na andazi mkononi, wala usinung'unike vyombo vya daku vikilia nyumba ya pili. Ukiamshwa navyo, kaa kitandani usali dakika tano. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, huenda hizo ndizo dakika pekee za kimya utakazopata siku nzima. Na jirani akikuletea sambusa za futari, sahani yake usiirudishe tupu. Weka hata ndizi mbili. Hiyo nayo ni sadaka.

Kuna uchovu mwingine ambao usingizi hautoshi kuuondoa. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri ya Alhamisi Kuu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Wazazi walilipeleka tumaini lao shuleni, wakalirudisha nyumbani ndani ya jeneza. Mtoto akikuuliza kuhusu siku ile, usimfiche, wala usimpe chuki aibebe. Mweleze pia habari za mwalimu Salah Farah. Desemba 2015, basi la kwenda Mandera liliposhambuliwa, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu huyo Mwislamu alipigwa risasi, akafariki Januari iliyofuata. Mwombeeni kwa jina mezani kwenu.

Alhamisi Kuu ikifika, kama umechoka usiweze kukaa kanisani hadi mwisho, fanya jambo moja nyumbani. Weka beseni sebuleni, maji kidogo tu, maana tunajua mtungi wa lita 20 unavyopatikana. Waite watoto na vumbi lao la mchanga mwekundu, uwaoshe miguu mmoja mmoja, bila kuwauliza ya darasani wala kuwakumbusha makosa ya wiki. Mdogo atacheka akitekenywa nyayo, mwache acheke. Kisha mpe mkubwa wao beseni, ukae kitini wewe. Utataka kuinuka useme inatosha, una kazi jikoni. Petro naye alikataa mwanzoni kuoshwa miguu na Yesu. Kaa. Acha mtoto akushike kisigino kilichopasuka, akimwagie maji, akipanguse kwa kanga yako ya zamani.