Mifuko Arobaini

Seva ya duka haina skrini. Ni boksi lililokaa juu ya kabati, lina waya wa umeme na wa mtandao, basi. Siku naifunga, mama mwenye duka aliniuliza, "Sasa mwanangu, ndani tutaonaje?" Nikamweleza kwamba kila kitu atakiona kwenye kivinjari: mauzo, madeni, mzigo wa stoo. Programu ni Odoo, inakaa juu ya Ubuntu, hesabu zinahifadhiwa kwenye PostgreSQL. Madirisha na vitufe vya kubofya vingekula kumbukumbu bure na kuwaongezea wavamizi mlango. Mimi ningeingia kwa SSH kutoka chumbani kwangu na kuandika amri. Yote hayo ni kweli, na hata leo ningeifunga vilevile.

Ila swali lake sikulijibu.

Wiki ya pili, mtunza stoo alihesabu saruji akapata mifuko 100. Mfumo ulisema 140. Akaripoti, kama anavyotakiwa. Usiku nikagundua kosa ni langu: nilipoingiza orodha ya mwanzo, mstari wa mifuko 40 uliingia mara mbili. Njia halali ilikuwa kufungua ukurasa wa marekebisho ya mzigo, ambao huandika jina la aliyebadilisha na saa. Nikaona aibu. Nikaingia moja kwa moja kwenye PostgreSQL, nikaandika UPDATE moja, 140 ikawa 100. Nikalala.

Asubuhi namba zilikuwa sahihi, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mama aliona 100, akamuuliza kijana ile 140 aliiona wapi. Akashikilia alichokiona. "Kompyuta haidanganyi," mama akasema, maneno niliyomfundisha mwenyewe nilipokuwa namshawishi aachane na daftari. Kwa siku mbili yule kaka alikuwa mwongo, kwa sababu ya namba ambayo ilikuwa ya kweli.

Ujumbe wa jadi wa sudo hukukumbusha mambo matatu: faragha ya wenzako, kufikiri kabla ya kuandika, na wajibu unaokuja na mamlaka. Mawili ya mwanzo nilikuwa nimeyatii kikamilifu.

Tena sikufuta ushahidi. Amri unazoandika ndani ya psql hubaki kwenye faili liitwalo .psql_history, na mstari wangu ulikuwemo. Nilijitetea nao moyoni kwamba sijaficha kitu. Lakini ushahidi ambao katika duka zima ni mimi tu ninayeweza kuusoma una tofauti gani na siri? Aliyetuhumiwa hakujua hata kama upo wa kuuomba.

Siku ya tatu nilienda dukani na laptopu, nikawaita wote wawili, nikalifungua faili. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akamgeukia kijana: "Nisamehe, baba."

Mtunza stoo hakumjibu mara moja. Alisogea, akaweka kidole kwenye kioo, akausoma ule mstari neno kwa neno. Halafu akaniomba nimwonyeshe na mistari mingine iliyo juu yake.