Ruhusa ya Siku Moja

Mtu aliye kazini akienda kwenye usaili wa kazi nyingine bila kumwambia mwajiri wake, amedanganya? Swali hilo limezunguka katika chumba cha walimu cha shule yetu binafsi hapa Dodoma tangu Januari 2025, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilipoanza kuwasaili walimu. Nafundisha hisabati, na nilikuwa nimeomba nafasi ya Mwalimu Daraja la III C. Jibu langu ni hapana, hajadanganya. Ila hapana hiyo ina mpaka, na mpaka huo naujali kuliko kazi niliyoiomba.

Usaili wa serikali hauishi siku moja. Kuna mchujo wa kuandika. Ukipenya, kuna mahojiano ya ana kwa ana. Kwa baadhi ya kada, katikati kuna usaili wa vitendo. Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina lako linahifadhiwa kwenye kanzidata, nawe unasubiri. Sasa mtazame aliyeanza kwa uongo. Siku ya mchujo anaumwa homa. Siku ya mahojiano homa haitoshi tena, inabidi afe mtu. Na kwetu mtu hafi kimyakimya: likitajwa neno msiba, daftari la rambirambi linazungushwa, mpishi wa shule anatoa elfu mbili yake ya mkaa, mlinzi naye anatoa, na wapo watakaouliza kama maziko ni Mpwapwa au Bahi ili wapande gari. Fedha ile imetoka pamoja na sala za watu. Kuipokea ili uende kwenye usaili ni wizi, sawa na kuchota kapu la sadaka.

Kunyamaza ni jambo jingine. Mwajiri amenunua vipindi vyangu, hakununua kesho yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, iwe ni yeye anayeondoka au ni mwajiri anayemwachisha. Kabla ya hapo ningemwambia nini? Aliyeitwa kwenye mchujo hajaondoka. Ana tumaini tu, na tumaini la mtu ni baina yake na Mungu wake. Kwa kuwa walimu likizo yetu hufuata ya wanafunzi, niliomba ruhusa ya siku moja kwa shughuli binafsi, nikakubali ikatwe kwenye mshahara.

Mara nyingi narudi kwa Yakobo katika kitabu cha Mwanzo. Alimtumikia mkwewe Labani miaka 20, ujira ukibadilishwa mara kwa mara, joto la mchana lake, baridi ya usiku yake, na mifugo akaitunza kwa uaminifu. Kisha akaondoka kimya. Mahubiri niliyoyasikia huuruka ukimya ule. Yakobo alihofu kwamba Labani angemnyang'anya wake zake, na mimi naamini kwamba anayeuogopa mkono unaomlisha hana deni la kujianika mbele yake. Hata hivyo ukimya uligharimu. Labani alipomfikia milimani Gileadi alilalamika kwamba hakupata nafasi ya kuwabusu wajukuu na binti zake. Lilitoka kwa mtu mkorofi, lakini ni lalamiko la haki. Na watoto wangu wa kidato cha nne hawajanifanyia ukorofi wowote. Ndiyo maana nakamilisha azimio la kazi na alama zao kila Ijumaa, ili atakayenipokea ajue pa kuanzia.

Mwenzangu mmoja, Mwislamu wa Kondoa, alinipinga kwa kisa cha Musa katika Kurani: alipatana na mwajiri wake miaka minane ya kazi, na akitimiza kumi ni hiari yake. Kila kitu kilikuwa wazi tangu mwanzo, hakuna aliyehitaji kunyamaza. Nakubali kwamba huo ni mkataba bora. Ila Musa alipata mwajiri aliyeanza kwa kumhakikishia kwamba hataki kumtaabisha.

Mpaka wenyewe niliufikia mwezi Machi. Mkuu wa shule aliniita. "Mwalimu, nikuandike kidato cha nne mpaka Novemba?" Hapo kunyamaza kungekuwa uongo, maana angewapanga watoto wa mtihani wa taifa juu ya neno langu.

"Mkuu, nimefanya usaili serikalini. Nikipangiwa kituo, nitakupa siku zako ishirini na nane, na mwenzangu nitamwachia kila kitu."

Alifikiri kidogo, kisha akakigawa kidato cha nne kwa walimu wawili. Posho yangu ya vipindi vya jioni ikapungua nusu. Iliniuma, kwa sababu namsomesha mdogo wangu. Lakini alikuwa na haki ya kupanga akijua.

Wiki hii mwalimu wa jiografia ameitwa kwenye mahojiano. "Dada, nishikie vipindi, halafu useme naumwa malaria." Vipindi nitamshikia vyote. La malaria nimemkatalia. Nimemwambia aende kwa mwalimu wa taaluma aombe siku yake, na kama anaogopa, nitaingia naye ofisini.