Mtoto Haombwi kwa Kilo Mbili za Sukari



Shule zikifungwa na kahawa ikiiva huku kwetu Mukurweini, wageni huja kutoka Nairobi. Wengi ni watu wa heri. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye nyote mnamjua, ingawa sura yake hubadilika kila mwaka. Ni jamaa wa mbali, amevaa vizuri, amebeba mkate na sukari kilo mbili. Baada ya chai anasema, "Mama, msichana wenu amekua. Nipeni nikae naye mjini, anisaidie kulea mtoto, nami nitampeleka shule." Mama anafikiria karo, anakubali. Baba amepeleka kahawa kiwandani. Akirudi jioni, anakuta kitanda kitupu.

Natamani tukae hapo kidogo, kwa kuwa ukurasa huu ni wa mambo ya ndoa. Mara nyingi mtoto hatekwi njiani. Hutolewa nyumbani kwao, na mzazi mmoja bila mwenzake kuulizwa. Mahali ambapo bwana na bibi hawazungumzi juu ya pesa, baba akinywa pesa za maziwa na mama akificha deni la duka, yule mgeni huonekana kama ametumwa na Mungu. Kumbukeni kwamba Yusufu aliuzwa na ndugu zake wenyewe kwa vipande ishirini vya fedha, na baba mzee aliletewa kanzu yenye damu tu. Naye Mtakatifu Bakhita, aliyetekwa Darfur akiwa mtoto, aliteswa mpaka akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Tangu mwaka wa 2015, tarehe 8 Februari, sikukuu yake, Kanisa huwaombea wote wanaouzwa hivyo.

Sisemi watoto wasifanye kazi. Mtoto anayekata majani ya ng'ombe, au anayechuma kahawa na mama yake Jumamosi, anafundishwa maisha. Wako wanaosema kwamba hata kufua soksi zake ni kunyonywa. Huo ni upuzi. Kazi ya nyumbani humwachia mtoto shule, usingizi na mchezo. Lakini anayechuma kwa debe katika shamba la watu siku ya shule, malipo yakachukuliwa na mtu mzima, huyo ananyonywa, hata kama mtu mzima huyo ni baba yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na aliye kati ya 13 na 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomzuia kusoma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamdai mzazi mwenyewe kumweka mtoto shuleni.

Basi mgeni akiomba mtoto, wewe mama sema, "Nitazungumza na baba watoto." Nawe baba useme vivyo hivyo, maana baba pia hutoa watoto, hasa baada ya glasi mbili. Kisha ulizeni pamoja: shule gani, atalala wapi, nani wengine wanaishi humo? Mmoja wenu apande matatu akaone. Mtu wa nia njema hatakasirika.

Ikiwa mtoto amekwisha kwenda, sikilizeni. Je, simu hupokewa na mwenye nyumba kila mara? Krismasi hakuja? Alipokuja, alikuwa amekonda, akishtuka mlango ukifunguliwa? Hata aliye nyumbani, mwangalieni. Msichana wa gredi ya nane anayebebwa bure na boda boda kila jioni, au mvulana mwenye simu mpya asiyoweza kueleza ilikotoka, yupo anayetazamia malipo. Msianze kwa kumwuliza, "Ulifanya nini?" Mkianza hivyo atanyamaza, na yule mtu ataendelea.

Na tafadhali, mtoto akichafuliwa, jambo hilo lisimalizwe kwa mbuzi na wazee. Huo si ugomvi wa mpaka wa shamba. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mpelekeni hospitali upesi, kabla hajaoga, kisha polisi na kwa afisa wa watoto. Namba 116 hupigwa bila malipo. Fanyeni hivyo hata kama mkosaji ni mjomba, mwalimu, katekista kama mimi, au padre. Baba Mtakatifu Fransisko aliwaamuru mapadre na watawa mwaka wa 2019 watoe taarifa za makosa hayo kwa wakuu wa Kanisa. Na sisi walei tusijifiche nyuma ya heshima.

Limebaki jambo moja, nalo liko jikoni mwenu. Baadhi yenu mnaosoma hapa, Karatina au Nyeri mjini, mna msichana wa kazi. Ana miaka mingapi hasa? Jumapili huja Misa pamoja nanyi, au huachwa alinde nyumba? Ni nani anayepokea mshahara wake? Leo usiku, akimaliza vyombo, mwulizeni mara ya mwisho alizungumza na mama yake lini, kisha mpeni simu, nanyi mtoke nje.